Msianze na kitabu, anzeni na sauti na vidole

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo tunalokutana nalo mara kwa mara hapa Mombasa. Jamaa huchanga pesa, wakamnunulia mzee au kijana wao asiyeona simu ya kugusa, wakamwekea programu ya kusomea vitabu. Baada ya wiki mbili simu imerudi kwenye boksi lake, na mwenyewe anasomewa na watoto kama zamani. Husemwa kwamba programu ni ngumu, au kwamba mzee hataki mambo mapya. Sisi tunaofundisha kazi hii twaona kosa hufanyika katika saa ya kwanza kabisa. Mtu amepewa kitabu kabla simu haijafundishwa kusema Kiswahili, na kabla vidole vyake havijajua njia.

Kwanza simu yenyewe. Si lazima iwe ya bei. Android yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 3 au zaidi yatosha. Zile za GB 1 husoma, lakini sauti hubaki nyuma ya kidole. Mwanafunzi akigusa asisikie kitu papo hapo, hudhani amekosea, akagusa tena, na hapo amekwisha kufungua kitu asichokitaka. Tundu la visikizi vya waya lina faida kubwa kuliko kamera ya kujivunia, kwa sababu visikizi vya bei rahisi vya Bluetooth huchelewesha sauti na kumeza silabi ya kwanza. "Tuma" na "Zima" zote zikasikika "ma", na hapo ndipo ujumbe ambao haujakamilika unapokwenda. Alama ya kidole kwenye kitufe cha pembeni pia ni neema, kwani kuandika namba ya siri kwa kusikiliza tarakimu moja moja ndani ya matatu ni kumtangazia kila abiria. Ukiwa dukani, iwe Moi Avenue au Mwembe Tayari, mwambie muuzaji aiwashe TalkBack, yaani programu inayotaja kwa sauti kilicho kwenye skrini, kabla hujalipa. Anayeitumia aishike mwenyewe kwa dakika tano. Asikie kama sauti inamfuata.

TalkBack ndiyo kisoma skrini cha Google, na kwenye simu nyingi za Android imo tayari, haina malipo. Wengi hapa wameacha menyu zao kwa Kiingereza, kwa hivyo tunayataja majina kama yanavyosikika: ingia Settings, tafuta Accessibility, ingia TalkBack, washa, kisha kubali simu inapoomba ruhusa. Humo humo washa njia ya mkato, yaani kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu. Hatua hii isirukwe. Mwenye kuona atakapoiazima simu ataizima TalkBack kwa vitufe hivyo, na mwenyewe ataiwasha kwa vitufe hivyo hivyo bila kuomba msaada.

Na hapa ndipo msaidizi mwenye macho huogopa. Mara TalkBack inapowaka, mguso mmoja haufungui kitu tena, hutaja tu jina la kilichoguswa. Kuburuta kwa kidole kimoja hakusogezi ukurasa. Mtu huona simu "imeganda", akaikimbiza kwa fundi, na fundi asiyeijua TalkBack huifuta yote na kudai malipo. Simu haijaharibika. Gusa kitu mara moja upate jina lake, kisha gonga mara mbili kukifungua. Ukurasa husogezwa kwa vidole viwili. Skrini iliyofungwa hufunguliwa kwa kuteleza vidole viwili kutoka chini kwenda juu. Basi. Wenye iPhone wana VoiceOver, ambayo imekuwamo tangu iPhone 3GS ya mwaka 2009, na ishara zake za vidole zinafanana sana na hizi. Yanayofuata tumeyaandika kwa Android kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi mtaani.

Sasa sauti, na hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji, kwa sababu ndipo wanapopotea wengi zaidi. Simu inayonunuliwa hapa kwa kawaida husema Kiingereza. Ukiipa maandishi ya Kiswahili itayasoma kwa kanuni za Kiingereza. Neno "wake" litasomwa "weik", "pole" litakuwa "poul", na "mate" litakuwa "meit". Sentensi nyepesi kama "mke wake alimpa pole" hugeuka fumbo. Mzee aliyezaliwa na Kiswahili akiisikia lugha yake ikivunjwa hivyo, haki yake kuikataa simu. Ubaya ni kwamba hajui kuwa dawa ipo.

Dawa ni hii. Ndani ya Settings tafuta Text-to-speech. Utakuta injini ya sauti ya Google, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na kando yake alama ya mipangilio. Ingia, chagua kuweka data ya sauti, shuka hadi Kiswahili, pakua. Fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha zima intaneti na usikilize kama sauti bado inasema. Ikinyamaza, au ikirudi kwenye Kiingereza, upakuaji haukukamilika. Jaribio hili la kuzima intaneti hurukwa na wengi. Baadaye bando likiisha, kitabu hunyamaza katikati ya sura na lawama huenda kwa programu.

Kuna injini nyingine ya bure iitwayo eSpeak NG, nayo ina Kiswahili. Sauti yake ni ya mashine waziwazi, haina utamu. Lakini ni nyepesi, haihitaji intaneti, na hubaki kueleweka hata ukiiongezea kasi sana. Mwanafunzi mpya mpe ya Google. Mwanafunzi wa chuo mwenye kurasa mia mbili za kumaliza kabla ya Jumatatu atakuja kuipenda eSpeak mwenyewe.

Weka sauti za Kiswahili na Kiingereza zote mbili, kisha jifunze kubadili. Katika vidhibiti vya kusoma vya TalkBack, ambavyo hufikiwa kwa vidole vitatu kama tutakavyoeleza chini, kuna chaguo la lugha ya kusema, na hutokea pale tu simu inapokuwa na sauti za lugha zaidi ya moja. Hapa pwani mtu mmoja kwa siku moja husoma ujumbe wa benki kwa Kiingereza na barua ya shule kwa Kiswahili. Kumlazimisha akae na sauti moja ni kumnyima nusu ya maandishi yake.

Kuhusu kasi, anza na ile ya kawaida na usiiguse wiki nzima. Baadaye ongeza kidogo kidogo, sikio lizoee kabla ya kuongeza tena. Anayepandisha kasi siku ya kwanza ili aonekane hodari huchoka, kwani akili inashughulika kukamata maneno na maana inapita. Kuna na jambo la ukubwa wa sauti ambalo huwachanganya hata wazoefu: sauti ya TalkBack na sauti ya muziki ni vitu viwili. Ukitaka kupandisha ya TalkBack, bonyeza kitufe cha sauti wakati ule ule inaposema. Ukibonyeza ikiwa kimya, huenda ukapandisha kitu kingine.

Vidole. Ishara za kuanzia ni nne tu. Buruta kidole kimoja polepole juu ya skrini, simu itaje kila unachopita. Telezesha kidole kwenda kulia, uende kwenye kitu kinachofuata. Telezesha kwenda kushoto, urudi. Gonga mara mbili, ufungue. Kinachowaponza watu ni mambo mawili. La kwanza, kuteleza kunatakiwa kuwe kwepesi na kufupi, kama unapangusa punje ya mchele mezani. Ukienda polepole simu hudhani unapapasa, na badala ya kuhama kitu kimoja inataja vyote ulivyovipita. La pili, kugonga mara mbili hakuhitaji kulenga. Ukishasikia jina la kitu, gonga popote kwenye skrini, hata pembeni kabisa, nacho kitafunguka. Wengi hujitaabisha kurudisha kidole pale pale, wakahama bila kujua, wakafungua cha jirani. Mwendo wa kugonga ni ule wa kubisha hodi: ngo-ngo. Ukiweka nafasi kubwa katikati, simu huhesabu miguso miwili tofauti.

Joto letu nalo lina neno lake. Kidole chenye jasho hukwama kwenye kioo na mguso ukasomwa vibaya, na mchana wa Februari hilo ni jambo la kila saa. Kaa na kitambaa kikavu au pindo la leso karibu, futa kidole na kioo. Kioo cha kinga kinene kilichobandikwa vibaya huleta tabu ile ile, hasa pembeni ambako skrini huwa imeinuka. Kabla ya kumlaumu mwanafunzi, tazama kioo.

Ishara nne zikikaa, ongeza tatu. Gonga mara moja kwa vidole viwili ili kuikatiza sauti. Gonga kwa vidole vitatu ili kufungua menyu ya TalkBack, na humo kuna chaguo la kusoma mfululizo. Telezesha vidole vitatu juu au chini ili kuchagua namna ya kusoma: herufi, neno, mstari, aya, vichwa. Ukishachagua, kidole kimoja juu au chini kitakupeleka kwa hatua hiyo. Kwenye simu za zamani ambazo hazitambui vidole vitatu, kidole kimoja kiende juu na kurudi chini kwa mwendo mmoja bila kuinuliwa. Mipangilio ya TalkBack ina mafunzo yake na uwanja wa kujaribia ishara, ambapo kukosea hakufungui wala kufuta kitu. Mwanafunzi akae humo dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni. Saa mbili mfululizo humchosha mkono na kumkatisha tamaa.

Somo la kwanza la kusoma lisiwe riwaya. Liwe ujumbe wa M-Pesa. Ni mfupi, una jina, una tarakimu, na mwenyewe ana hamu ya kujua kilichoandikwa. Menyu ya M-Pesa ina chaguo la lugha, ligeuze liwe Kiswahili. Kisha mwanafunzi asome kiasi neno kwa neno, na salio tarakimu kwa tarakimu. Siku atakapojisomea salio lake bila kumpa mtu simu, hatahitaji kubembelezwa kuendelea. Awe amevaa kisikizi, sikio moja tu. Sikio la pili ni la barabara, na Digo Road haimsubiri mtu.

Baada ya hapo ndipo programu ya kusomea inaingia. Tunazopendekeza kwa anayeanza ni mbili. EasyReader, ya kampuni ya Dolphin ya Uingereza, ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu na wenye tabu ya kusoma. Hufungua EPUB, yaani faili za vitabu vya kielektroniki, na vitabu vya DAISY, ambavyo hupangwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa, na kutoka ndani yake unaweza kuingia katika maktaba mbalimbali. Inahitaji ufungue akaunti kwa barua pepe. Fanyeni hivyo mapema na mwenye kuona awepo, kwani kuthibitisha barua pepe kunamtoa mgeni nje ya programu, na kurudi kwake ni shida. Nyingine ni @Voice Aloud Reader, ambayo hufungua karibu faili yoyote ya maandishi na kurasa za wavuti. Ya bure ina matangazo, na kidole kinachoteleza huangukia kwenye tangazo. Mwambieni mwanafunzi: akisikia jina la bidhaa asiyoijua, asigonge, ateleze mbele.

Kosa la kwanza ndani ya programu hizi ni sauti mbili kugombana. Programu ina sauti yake ya kusoma kitabu, na TalkBack ina yake ya kutaja vitufe. Mgeni akifungua ukurasa na kuanza kuteleza kidole juu ya maandishi, TalkBack huanza kusoma. Akibonyeza kitufe cha kucheza, zinasema zote mbili. Kanuni ni kwamba TalkBack ni ya kutafuta kitufe, na programu ndiyo ya kusoma kitabu. Tafuta kitufe cha kucheza, gonga mara mbili, kisha ondoa mkono. Kusimamisha na kuendelea, gonga mara mbili kwa vidole viwili. Ishara hiyo hufanya kazi hata bila kukitafuta kitufe.

Kosa la pili, kitabu hukatika dakika chache baada ya skrini kuzima. Hilo ni kazi ya kibana-chaji cha simu, kinachoua programu zilizo nyuma ya pazia. Ingia Settings, kwenye orodha ya programu chagua ile unayosomea, ingia Battery, uiruhusu bila kikomo. Kama chaji yenyewe inakusumbua, menyu ya TalkBack ina chaguo la kuficha skrini. Skrini huwa nyeusi na kusoma kunaendelea. Huku nako ni kujisitiri, aliyekaa nyuma yako kivukoni Likoni hasomi barua yako. Sauti ya kitabu nayo huchaguliwa ndani ya programu, mbali na ile ya TalkBack. Umeipa TalkBack Kiswahili, lakini kitabu bado kinasema "weik"? Ingia mipangilio ya sauti ya programu, uibadilishe hapo pia.

Sasa tufike kwenye faili, Mhariri. Mwanafunzi amefaulu yote hayo, sauti ni safi, vidole vinajua njia. Anatumiwa kitabu kwa WhatsApp, anakifungua, na simu inasema "ukurasa wa 1", "ukurasa wa 2", "ukurasa wa 3", kisha kimya. Hakuna neno. Faili hiyo ni PDF, na mwenye macho akiitazama anaona maandishi ya kawaida. Lakini imetoka kwenye skana au kamera, kwa hivyo kila ukurasa ni picha. Kwa kisoma skrini, picha ya ukurasa wa kitabu na picha ya ukuta mtupu ni kitu kimoja.

Kujua ni rahisi na kunamhusu kila anayetuma. Fungua faili, shikilia kidole juu ya neno moja. Neno likipata kivuli cha rangi ukaweza kulinakili, ni maandishi, na litasomeka. Ukishindwa kulishika, umetuma picha. Jaribio hili halifiki sekunde tano.

Faili ya picha ikiwa ndiyo pekee iliyopo, yaweza kugeuzwa. Kwenye kompyuta, hata ya saiba mtaani, ipandishe Google Drive, bonyeza kulia kwenye jina lake, chagua kuifungua kwa Google Docs. Google itayatambua maandishi na kuyaandika upya. Ushauri wao wenyewe ni faili isizidi MB 2, kwa hiyo kitabu kikatwe vipande, sura kwa sura. Ikishageuka, Google Docs ina chaguo la kuipakua kama EPUB, na EPUB ndiyo umbo tunalolipenda: programu hukumbuka ulipoishia, na huenda sura kwa sura mradi vichwa vimewekwa kwa mtindo wa kichwa. Kuvikoleza wino tu hakutoshi. Mtu apitishe jicho kabla ya kuituma. Mashine hukosea zaidi pale ukurasa ulipopinda au wino ulipofifia, na ritifaa ya "ng'" hupotea kirahisi, "ng'ombe" ikawa "ngombe". Katika tarakimu za hesabu au dozi ya dawa, kosa la namna hiyo si dogo.

Kwa karatasi iliyo mkononi kuna programu ya Google iitwayo Lookout, na Seeing AI ya Microsoft, ambayo ilikuwa ya iPhone tangu 2017 na ikaja Android Desemba 2023. Zote ni za bure, husoma kupitia kamera, na zina sehemu ya kusoma waraka inayokuongoza kuiweka karatasi sawa. Karatasi ilazwe mezani, isishikwe hewani. Simu ilazwe katikati ya karatasi, kisha iinuliwe wima, ikiwa sambamba na meza, hadi kimo cha sentimita 30 hivi kwa karatasi ya A4. Viwiko viwili vikae mezani, mkono usitikisike. Mwanga utoke kwenye dirisha lililo ubavuni. Ukiwa nyuma yako, kivuli chako huangukia karatasi. Tochi ya kamera huweka mng'ao katikati ya karatasi inayong'aa, ikafuta maneno.

Gazeti ni mtihani wa peke yake, na tunakuandikia wewe kwa sababu hiyo. Limepangwa kwa safu nyembamba, na programu mara nyingine huvuka mpaka wa safu, ikaunganisha mstari wa habari ya bei ya unga na mstari wa habari ya kandanda. Msikilizaji hupata sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Likunje gazeti kwa urefu wake hadi safu moja tu ibaki juu, soma hiyo, kisha igeuze. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, na maandishi ya upande wa pili hujitokeza. Weka kitambaa au karatasi nyeusi chini yake na herufi zitakaa wazi. Ni hila ndogo, lakini ndiyo inayofanya ukurasa usomeke.

Bando lisimtishe mtu. Riwaya nzima ya EPUB isiyo na picha kwa kawaida haifiki MB 1. Kitabu cha sauti ndicho kizito: MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 29 kwa kila saa, kwa hivyo kitabu cha saa kumi ni karibu MB 290. Kipakue mara moja kwenye Wi-Fi, kisome bila intaneti.

Vitabu vyapatikana wapi? Project Gutenberg hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, karibu vyote si vya Kiswahili. Bookshare, maktaba ya Marekani iliyoanza 2002, ina zaidi ya vitabu milioni moja kwa watu wasioweza kusoma chapa, na humtaka mwanachama athibitishe hali yake kupitia mtaalamu. Huko nako Kiingereza ndicho kilichotawala. African Storybook ina hadithi nyingi fupi za watoto kwa Kiswahili. Lakini mtu mzima anayetaka riwaya, ushairi wa pwani au vitabu vya kiada kwa Kiswahili, kwa umbo linalosomeka, hupata kidogo mno. Programu za Biblia na za tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili zipo na hutumiwa sana. Jaribuni kwanza, kwani baadhi huweka aya za Kiarabu kama picha, na hapo TalkBack hunyamaza.

Upungufu huu hauna udhuru wa kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano, na ya kupata vifaa vya kuvuka vizuizi vya ulemavu wake. Mkataba wa Marrakesh wa 27 Juni 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na kuzipeleka nchi nyingine zilizo katika mkataba. Mlango uko wazi. Kilichobaki ni wachapishaji wetu kutoa faili za EPUB ambazo tayari wanazo kompyutani mwao, maana siku hizi hakuna kitabu kinachochapwa bila kwanza kuwa faili.

Breli tusiitupe. Mtoto anayeisoma katika shule ya wasioona ya Likoni hujua kwamba "ghali" ina "gh", jambo ambalo sikio peke yake halimfundishi, na anayesikiliza tu huishia kuandika anavyosikia. Simu haipingani nayo. Tangu 2020 TalkBack ina kibodi ya breli ya nukta sita, ambapo vidole hugusa skrini kama kwenye mashine ya breli. Kwa Kiswahili chagua breli ya Kiingereza isiyofupishwa, kwa kuwa herufi ni zile zile. Aliyeizoea huandika ujumbe haraka kuliko anayetafuta herufi moja moja kwenye kibodi ya kawaida.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa kila anayetuma tangazo katika mji huu, awe mwalimu mkuu, karani wa wadi, katibu wa kanisa au wa msikiti: mkikata ukurasa na kuusambaza kwa WhatsApp kama picha, yapigeni chapa maneno hayo hayo chini yake. Tangazo la kukatika kwa maji, ratiba ya mtihani, saa ya mazishi, orodha ya basari, vyote huandikwa kwanza kwa maneno ndipo mtu akavirembesha vikawa bango. Maneno hayo bado mnayo. Yanakilini, yabandikeni chini ya picha, mtume.

Wakufunzi wa matumizi ya simu kwa wasioona,
Mombasa